Mandhari katika Kigogo: Kutoka Barabara ya Usenge hadi Soko la Chapakazi

Katika karatasi ya tatu ya Kiswahili, swali la dondoo huanza kwa kukutaka ueleze muktadha. Alama nne. Utamtaja msemaji, utamtaja msemewa, utataja mahali na utaeleza kinachosababisha maneno hayo yasemwe. Kwenye mahali wengi huandika neno moja, "sokoni", kisha wakasonga mbele. Hapo hawajakosea, alama wanaipata. Tatizo huja ukurasa unaofuata, wanapokutana na swali la alama ishirini kama hili: "Soko la Chapakazi ndilo mhimili wa tamthilia ya Kigogo. Thibitisha." Mtahiniwa aliyezoea kuandika "sokoni" na kupita huwa na hoja tatu, anazirudia kwa maneno tofauti, halafu anaanza kusimulia hadithi nzima. Somo hili limeandikwa kwa ajili yake.

Unajua tayari kwamba mandhari ni mahali na wakati ambapo matukio ya kazi ya fasihi hutokea, pamoja na hali ya mahali hapo: joto au baridi, usafi au uvundo, kelele au kimya, na watu waliopo. Maana hiyo inatosha kwa alama mbili. Kwa alama ishirini, ongeza maswali mawili kila unapokutana na mahali katika tamthilia. Nani anapata riziki yake hapa? Na nani ana uwezo wa kumwondoa?

Kabla ya kuyapeleka maswali hayo Sagamoyo, tuyajaribu kwenye mtaa ambao haukubuniwa na mwandishi yeyote.

Mtaa wa kujifunzia: Usenge

Usenge ni mji mdogo wa wavuvi ukingoni mwa Ziwa Victoria, katika Kaunti ya Siaya, kwenye barabara inayotoka Bondo. Nyuma yake kuna Got Ramogi, kilima ambacho simulizi za Waluo hukitaja kuwa makao ya awali ya babu yao Ramogi katika nchi hii. Mbele yake ni maji, na ndani ya maji kuna visiwa, kikiwemo Mageta ambako serikali ya kikoloni iliwafunga watu wakati wa vita vya Mau Mau. Kama unasoma Bondo au Port Victoria, mji huu unaujua kuliko mimi. Kama unasoma Wajir au Taveta, fuata tu. Utaona mengi yanayofanana na kwenu.

Tembea kutoka steji ya matatu hadi ufuoni. Si mwendo mrefu. Utapita bodaboda waliojipanga chini ya kivuli, kila mmoja akikuita kabla hujakanyaga chini. Utapita duka la nyavu, nyuzi na maboya, kinyozi, fundi wa viatu, mama anayekaanga mandazi na mwingine anayechoma mahindi. Mitumba imetandazwa kwenye turubai. Jua la hapa ni la ikweta, na mwanga wake hurudishwa na maji, kwa hiyo joto huja kutoka juu na kutoka mbele. Saa saba mchana hata mbwa hawavuki barabara. Wenye akili wako chini ya miembe, na biashara inazungumzwa kwa sauti ya chini.

Lakini rudi hapo alfajiri. Mashua za omena zinaingia baada ya kukesha majini. Wavuvi wa omena hutumia taa: zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni za betri na za jua. Taa huwavuta dagaa hao juu, nao huzungushiwa wavu. Kwa sababu hiyo usiku wa giza ndio usiku wa kazi. Mbalamwezi ikiwa kali, omena hutawanyika na mavuno hupungua. Hivyo mtaa huu una kalenda mbili, ya ukutani na ya mwezi angani. Muuza chai wa ufuoni anajua ni wiki gani atachemsha sufuria tatu na ni wiki gani moja itatosha. Huo ndio wakati kama sehemu ya mandhari. Ukiandika "asubuhi" peke yake hujasema lolote. Ukisema asubuhi hiyo ina maana gani kwa muuza chai, umeanza kuchambua.

Omena wakishashushwa, hutandazwa juu ya nyavu kuukuu mchangani wakauke. Kina mama huwageuza kwa mikono na kuangalia mawingu, maana mvua ikinyesha kabla hawajakauka huharibika, na bei inayobaki ni ya chakula cha kuku. Hupimwa kwa gorogoro na debe. Sikiliza mazungumzo:

"Mama, shikamoo. Gorogoro leo ni ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Angalia kwanza walivyokauka, halafu tuongee bei."

Mnunuzi huyo huenda ametoka Busia au Uganda, ndiyo maana wanazungumza Kiswahili. Akiondoka, mama anamgeukia jirani yake na kurudi kwenye Dholuo. Lugha ya mtaa ni sehemu ya mandhari pia. Katika tamthilia, angalia wahusika wanavyobadilisha usemi wanapotoka sokoni na kuingia ofisini.

Kuna jambo jingine kuhusu ufuo ambalo watu wazima hulisema kwa kuzunguka. Mwanamke anayetaka kuuza samaki ni lazima kwanza ampate mvuvi wa kumuuzia, na samaki wakiwa wachache, wapo wanaodai zaidi ya pesa. Desturi hiyo ina jina pwani yote ya ziwa: jaboya. Imechangia sana kuenea kwa virusi vya UKIMWI katika eneo hili. Naitaja kwa sababu kuna onyesho katika Kigogo ambalo hutalielewa vizuri ukidhani njaa na heshima ya mwanamke ni mada mbili tofauti.

Mbuta nao wana njia yao. Samaki hawa waliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, wakazaana, wakawala wengi wa asili, kisha wakawa biashara kubwa. Kutoka fuo kama hii hutiwa barafu na kupakiwa kwenye malori kuelekea viwandani. Kiwandani mnofu huondolewa na kusafirishwa ng'ambo. Mifupa na kichwa hurudi mitaani, hukaangwa na kuuzwa kwa jina la mgongo wazi. Mtaa wa Obunga mjini Kisumu unajulikana kwa kazi hiyo. Mwenye ziwa anakula mifupa. Liweke jambo hilo akilini. Tutalihitaji tukifika kwenye keki.

Mtaa unapofungwa

Sasa swali la pili: nani ana uwezo wa kumwondoa mtu mtaani? Usenge inatupa majibu mawili ya kweli.

La kwanza ni sheria. Kwa kawaida, kuanzia Aprili hadi mwisho wa Julai, uvuvi wa omena husimamishwa upande wa Kenya ili samaki wazaane. Miezi hiyo mtaa hubadilika sura. Nyavu zimekunjwa, muuza mandazi anakaanga nusu, karo inacheleweshwa. Pengine wewe mwenyewe uliwahi kurudishwa nyumbani muhula wa pili ukashangaa kwa nini ni muhula huo tu. Watu hunung'unika, wengine huvua kwa siri na kukamatwa. Hata hivyo kila mtu anaijua sababu, na kila mtu anaijua tarehe ya kufunguliwa.

La pili ni maji yenyewe. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana kwa zaidi ya nusu karne. Fuo nyingi zilifunikwa, vibanda vikahamishwa, watu wakaacha nyumba. Hapo huna wa kumshtaki moja kwa moja. Unahama, unangoja, unarudi.

Kwa hiyo kufungwa si lazima kuwe dhuluma. Wanafunzi wengi huandika "Majoka ni dikteta kwa sababu alifunga soko" na kuishia hapo. Hoja hiyo ni dhaifu. Serikali yoyote inaweza kufunga soko kwa sababu nzuri, na mtahini anajua hilo. Unachotakiwa kuonyesha ni kwa nini kufungwa kwa Chapakazi hakufanani na kufungwa kwa uvuvi wa omena.

Ingia Sagamoyo

Tamthilia ya Pauline Kea inatufungulia pazia katika karakana iliyo kwenye Soko la Chapakazi. Sudi, Boza na Kombe wanachonga vinyago. Tazama kejeli ya mahali hapo. Soko limefungwa, wachuuzi wametawanyika, lakini karakana inafanya kazi, kwa sababu kinachochongwa ni vinyago vya kumpamba mtawala katika sherehe za uhuru. Kazi iliyokuwa ya wengi imezimwa, na imebaki kazi ya kumsifu mmoja. Hoja hiyo peke yake ni alama mbili, na sijaona watahiniwa wengi wakiitoa.

Sasa uliza: nani alikuwa anapata riziki hapa? Wachuuzi wa Sagamoyo. Walikuwa wakilipa kodi, na kodi hiyo haikurudi kusafisha soko. Uchafu ukalundikana, kisha uchafu huohuo ukawa kisingizio cha kulifunga. Soma tena sentensi hiyo, maana ndiyo kiini cha kinaya cha mahali hapa: kosa ni la utawala, adhabu ni ya wachuuzi.

Na nani ana uwezo wa kuwaondoa? Majoka. Sababu yake halisi haimo kwenye uchafu. Imo kwenye ardhi. Anataka kujenga hoteli ya kifahari pale soko lilipo. Linganisha na ziwa. Uvuvi hufungwa ili samaki waongezeke, na wavuvi walewale ndio wanaorudi kuvua. Chapakazi limefungwa bila tarehe ya kufunguliwa, na likifunguliwa likiwa hoteli, mchuuzi hataingia labda kuosha sahani. Hapo ndipo udikteta ulipo, na sasa umeuthibitisha badala ya kuutangaza.

Keki nayo inaletwa kwenye karakana. Boza anaila, Sudi anaikataa. Wanafunzi hueleza kwamba keki ni jazanda ya uhuru unaogawiwa makombo, na wanasema kweli. Ongeza mandhari: makombo hayo yanapelekwa sokoni, mahali ambapo watu walikuwa wakijilisha wenyewe bila kupewa. Kumbuka mgongo wazi. Mtu aliyenyang'anywa samaki anapoletewa mfupa kama zawadi, anayepaswa kushukuru ni nani?

Kisha mfuate Ashua. Soko limefungwa, watoto wana njaa, naye anaenda ofisini kwa Majoka kutafuta msaada. Usiliangalie onyesho hilo kama ugomvi wa wivu kati yake na Husda, ingawa ugomvi upo na hufurahisha darasa likiigiza. Angalia hatua alizopiga: kutoka mahali pa umma, ambapo mwanamke husimama na bidhaa zake na kutaja bei, hadi chumba cha mwanamume mmoja, ambapo mwenye bei ni mwingine. Majoka anamtaka. Kilichompeleka huko ni kufungwa kwa soko. Mama wa ufuoni ambaye samaki wamepungua angelielewa onyesho hili bila kufafanuliwa. Ashua anaishia kizuizini, na mumewe anashinikizwa achonge kinyago. Mahali palipofungwa pamegeuka mtego wa familia nzima.

Mandhari nyingine tuzipitie kwa haraka. Mangweni kwa Mamapima panastahili aya moja katika jibu lako: soko halali limefungwa huku biashara ya pombe haramu ikiachwa wazi. Ngurumo, akiwa hapo, haoni ubaya wowote katika kufungwa kwa soko. Usimwite mjinga tu. Onyesha kwamba amepewa mahali pa kukaa ambapo hahitaji kuona. Nyumbani kwa Tunu na kwa Sudi ni mahali ambapo gharama ya kufungwa inaonekana kwenye mwili: mguu wa Tunu ulioumizwa na wahuni, njaa ya watoto wa Sudi. Sehemu hizo zitumie kuunga mkono hoja za soko. Ukianza kuzieleza moja moja kwa urefu, utapoteza muda na swali.

Mwisho wa tamthilia tunarudi pale tulipoanzia, lakini nje, kwenye lango la soko. Siku ya sherehe, uwanja ambao Majoka alitarajia ufurike unabaki karibu mtupu. Watu wako langoni. Anaamuru wapigwe risasi, na Kingi anakataa. Jiulize kwa nini mwandishi hakuuweka mgogoro huu mbele ya ofisi au kwenye uwanja wa sherehe. Watu hawakwenda kumfuata mtawala alipo. Walikwenda kudai mahali pao pa kazi, na mtawala akalazimika kuwafuata wao. Nguvu imehama bila risasi kufyatuliwa, na mahali ndipo panapotuonyesha hivyo.

Kuandika jibu

Soma aya hizi mbili. Zote ni za swali la "mhimili" lililotajwa mwanzoni.

Ya kwanza: "Soko la Chapakazi ni muhimu kwa sababu watu wengi wanafanya kazi huko na Majoka alilifunga. Hii inaonyesha kwamba Majoka ni mbaya. Pia soko ni chafu. Hata kwetu Usenge soko ni chafu na watu wanateseka sana."

Ya pili: "Soko la Chapakazi linaendeleza maudhui ya unyakuzi wa mali ya umma. Wachuuzi wanalipa kodi lakini soko halisafishwi. Kisha uchafu unatumiwa kama kisingizio cha kulifunga ili Majoka ajenge hoteli ya kifahari. Kufungwa huko kunamsukuma Ashua kwenda ofisini kwa Majoka kuomba msaada, jambo linalosababisha akamatwe na Sudi ashinikizwe kuchonga kinyago."

Ya kwanza ina sentensi nne na labda hoja moja. Ya pili pia ina sentensi nne, na tatu za mwisho zimebeba matukio kutoka kwenye kitabu. Inaanza na dai, inatoa ushahidi, kisha inaonyesha tukio moja linavyozaa jingine. Ndiyo maana tunasema mhimili: ukiuondoa, jengo linaanguka.

Angalia pia sentensi ya mwisho ya aya ya kwanza. Usenge imeingia kwenye jibu. Usifanye hivyo. Mtaa wako ni wa kukusaidia kuona. Haumo kitabuni, na mtahini hawezi kuupa alama. Nimekutembeza ufuoni ili ujue cha kutafuta Sagamoyo, si ili uuhamishie Sagamoyo. Isipokuwa swali likuambie wazi uhusishe na jamii yako, acha omena walipo.

Na tahadhari ya tahajia: ni mandhari, si madhari. Madhara ni kitu kingine kabisa.

Mazoezi

1. Chagua mtaa, soko au steji unayoijua. Andika aya moja ya sentensi sita kuihusu bila kutumia vivumishi "nzuri", "mbaya", "kubwa" wala "ndogo". Kila sentensi imtaje mtu mmoja na kazi yake.

2. Pahali hapohapo pakifungwa kesho asubuhi, ni nani atakosa chakula cha jioni kwanza? Ni nani atakayemfuata? Andika mfuatano wao, kisha uulinganishe na mfuatano wa matukio yanayowapata Sudi na Ashua.

3. "Karakana ya vinyago imejaa kinaya." Fafanua kauli hii kwa kurejelea onyesho la kwanza la Kigogo. (alama 6)

4. Linganisha mangweni kwa Mamapima na Soko la Chapakazi kama mandhari. Onyesha jinsi kila mojawapo inavyojenga maudhui ya uongozi mbaya. (alama 10)

5. Eleza umuhimu wa mwandishi kuuweka mgogoro wa mwisho kwenye lango la soko. (alama 4)

Swali la tano lifanye bila kufungua kitabu, kisha ukifungue na kuhesabu ni matukio mangapi uliyoyasahau.